Walitaka amkane mchungaji, yeye akazungumza kuhusu rangi

Tangu Jumanne ya Machi 18, 2008, Barack Obama, aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, aliposimama katika Kituo cha Kitaifa cha Katiba mjini Philadelphia na kuhutubia kwa dakika 37, nimesoma na kusikiliza maoni chungu nzima, na karibu yote yanazunguka swali moja: amemkana mchungaji wake, Jeremiah Wright, ambaye vipande vya mahubiri yake ya kuilaani Marekani vimerushwa kwenye televisheni, au hajamkana? Wanaompenda wanasema amejinasua kwa ustadi. Wasiompenda wanasema amekwepa. Huku kwetu Nairobi mjadala ni huohuo, ila sisi tunauongezea wasiwasi wa jamaa wa mgonjwa: kijana wetu atapona? Naona swali hilo limewafanya wengi waikose hotuba yenyewe. Obama alipewa mtihani wa kumkana mtu, akakataa kuufanya jinsi ulivyotungwa. Aliwaeleza weupe hasira ya weusi inatoka wapi, kisha akawaeleza weusi manung'uniko ya weupe yanatoka wapi, asiseme kwamba upande wowote una haki ya kubaki pale ulipo. Ile sehemu ya pili imepita karibu bila mtu kuigusa, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Wiki iliyotangulia hotuba ilikuwa imeshajaa rangi. Machi 11 Obama alishinda kura za mchujo za Mississippi kwa kupata takriban kura tisa katika kila kumi za weusi, huku weupe wengi wakimpigia mpinzani wake, Hillary Clinton. Siku hizohizo Geraldine Ferraro, aliyekuwa mgombea mwenza wa chama cha Democratic mwaka 1984 na mmoja wa wachangishaji wa fedha za Clinton, alinukuliwa akisema kwamba Obama asingefika alipofika kama angekuwa mwanamume mweupe. Ferraro akajiuzulu katika kamati ya fedha Machi 12. Kesho yake televisheni ya ABC ikarusha vipande vya mahubiri ya Jeremiah Wright, mchungaji aliyeliongoza kanisa la Trinity, upande wa kusini wa Chicago, tangu mwaka 1972. Ndiye aliyefungisha ndoa ya Obama na kuwabatiza binti zake wawili. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumza tena kuhusu Iraki, bima ya afya au nyumba zinazopigwa mnada. Vipande vile vilirushwa usiku na mchana mpaka mtu ukavijua kwa moyo.

Kinachorudiwa zaidi ni cha mwaka 2003. Wright anasema serikali inawajengea weusi magereza makubwa zaidi, kisha inawataka waimbe wakimwomba Mungu aibariki Marekani. Hapana, anasema, Mungu ailaani Marekani kwa kuua watu wasio na hatia na kwa kuwatendea raia wake kama si binadamu. Kingine ni cha Septemba 16, 2001, Jumapili ya kwanza baada ya mashambulizi ya New York na Washington, anapodai kwamba ukatili ambao Marekani iliupeleka kwa wengine sasa umeirudia nyumbani kwake. Anayekulia kanisani atashangaa kujua kwamba mahubiri hayo ya pili yalitoka katika Zaburi ya 137, ile inayoanza kwa kilio kando ya mito ya Babeli na kuishia kwa kutamani watoto wachanga wa adui wapondwe mwambani. Wright alikuwa akiwaonya waumini wake jinsi huzuni inavyogeuka kuwa kiu ya kulipiza kisasi kwa wasio na hatia. Aliyetazama sekunde kumi za televisheni hakuwa na njia ya kulijua hilo. Sisemi haya ili kumtetea kwa kila alichosema. Dai lake kwamba serikali ilitengeneza virusi vya Ukimwi ili kuwaangamiza watu weusi halina msingi wowote, na ni dai la hatari kwa watu ambao Ukimwi unawaua. Lakini mzee huyu aliwahi kuitumikia nchi yake akiwa mwanajeshi wa Marines, na kanisa lake limo ndani ya dhehebu ambalo waumini wake wengi ni weupe. Hakuwa mtu wa pembezoni kama vipande vile vilivyotaka tuamini.

Siasa ina desturi yake mambo yanapofika hapo. Mgombea humtosa mtu baharini, chombo kikapata wepesi na safari ikaendelea. Obama mwenyewe alianza hivyo. Ijumaa ya Machi 14 alitoa maandishi ya kulaani maneno yale na kusema kwamba hakuwepo kanisani yalipotamkwa. Angeweza kuishia hapo, na naamini washauri wengi wa siasa wangemwambia aishie hapo, maana mgombea mweusi anayetafuta kura za weupe huwa anashauriwa aiogope mada ya rangi kama ukoma. Yeye akaamua kuifungua mbele ya kamera zote, wiki tano kabla ya kura ya Pennsylvania.

Alianza mbali, mwaka 1787, katika mji uleule wa Philadelphia, na watu walioandika katiba yenye ahadi ya usawa huku wakikubaliana kuiacha biashara ya watumwa iendelee kwa miaka mingine 20 angalau. Kutoka hapo akashuka ngazi kwa ngazi: shule zilizotenganisha watoto kwa rangi, ambazo hata baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1954 hazijapona, weusi waliozuiwa kumiliki mali, walionyimwa mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, waliofungiwa nje ya vyama vya wafanyakazi, ya polisi na ya zimamoto. Haya si mafumbo. Familia isiyoruhusiwa kununua nyumba haina nyumba ya kumrithisha mtoto, na mtoto asiye na cha kurithi huanza maisha akiwa nyuma ya mwenzake aliyerithi, hata kama siku hiyo hakuna mtu mmoja anayembagua. Sisi tuna msemo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika hotuba hii Obama alisema kinyume chake: yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na bado imo mwilini. Anao ushahidi nyumbani kwao. Alipozaliwa mwaka 1961, majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado na sheria zilizoifanya ndoa kama ya baba yake wa Kogelo na mama yake wa Kansas kuwa kosa la jinai, na sheria hizo zilidumu hadi Mahakama ya Juu ilipozifuta mwaka 1967. Mwaka huu wa 2008 huyo ni mtu wa miaka 46. Hatuzungumzii enzi za mababu.

Kuna sentensi moja katika hotuba ile iliyonishika kuliko zote, na sijaona mchambuzi aliyeisimamia. Alisema hasira ya watu weusi haisemwi mbele ya wafanyakazi wenzao weupe wala marafiki weupe. Husemwa kwa kinyozi, au kuzunguka meza ya jikoni. Mimi hunyolewa kwenye kibanda kimoja chenye viti vitatu. Mwezi Januari, Kenya ikiwaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa nimekaa kiti cha katikati na mashine iko kisogoni, wateja na kinyozi wakizungumza kwa lugha ya mama. Waliyokuwa wakiyasema juu ya majirani zetu wa kabila jingine sitayaandika hapa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mteja ambaye kila mtu alimjua ni wa kabila hilo. Mashine ilinyamaza kidogo. Kisha kinyozi akamkaribisha kwa Kiswahili kizuri kabisa, akampa gazeti, na watu wakaanza kuzungumza kuhusu Arsenal. Nilitoka pale nimeumia moyo, kwa sababu lugha ninayoipenda, hii ninayoandikia, lugha tunayojisifu kwamba inatuunganisha, siku hiyo ilikuwa pazia tu. Nami nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia pamoja nao, kimya. Kwa hiyo niliposikia mgombea wa urais akitaja kinyozi, nilijua anazungumza juu ya kitu halisi. Wright hakutengeneza hasira ile. Alichofanya ni kuitoa kwa kinyozi na kuipandisha madhabahuni, ambako kamera ilikuwepo.

Sasa ile sehemu iliyopitwa. Baada ya kueleza hasira ya weusi, Obama alisema kuna hasira inayofanana nayo katika baadhi ya jamii za weupe. Mfanyakazi mweupe wa kipato cha kawaida haoni kwamba rangi yake imempendelea chochote. Babu yake alikuja kama mhamiaji, hakurithi kitu, amefanya kazi maisha yake yote, na leo anaona kiwanda chake kimehamishiwa ng'ambo na pensheni yake imeyeyuka. Akiambiwa mtoto wake apandishwe basi apelekwe shule ya upande wa pili wa mji ili rangi zichanganyike, au akisikia mweusi amepewa nafasi ya kazi au ya chuo kwa sababu ya dhuluma ambayo yeye hakuitenda, chuki hujijenga taratibu. Na akiogopa uhalifu mjini, akaambiwa kuogopa kwake ni ubaguzi, chuki hiyo hukomaa. Obama alisema wazi kwamba wanasiasa wameitumia hasira hiyo kutafuta kura, na kwamba imewafanya watu wasiwaone waliowaumiza kweli: makampuni yenye tamaa na sera zinazowapendelea wachache. Lakini alisema pia kwamba kuwaita watu hao wabaguzi, bila kukubali kwamba malalamiko yao yana mzizi wa kweli, kunazidisha ufa. Na mapema katika hotuba hiyohiyo alikuwa amefanya jambo ambalo lingepaswa kuwa kichwa cha habari. Alimtaja Geraldine Ferraro, mwanamke ambaye siku chache nyuma alikuwa amesema rangi ndiyo iliyombeba, akasema asitupwe kama mtu mwenye ubaguzi uliokita mizizi, kama vile Wright naye asivyofaa kutupwa kama kichaa. Alimtetea aliyemtusi, tena katikati ya kampeni.

Wapo waliolisikia hilo, na baadhi yao sikuwatarajia. Mike Huckabee, aliyekuwa gavana wa Arkansas na mgombea wa Republican, ambaye ni mchungaji wa Kibaptisti, aliulizwa kwenye televisheni siku iliyofuata. Hakuyakubali maneno ya Wright, lakini alisema yeye amekulia kusini na ameona watu wakiambiwa wakae ghorofani sinema na wapitie mlango wa nyuma hotelini, na kwamba kama angekuwa yeye aliyetendewa hivyo, huenda uchungu wake ungekuwa mkubwa zaidi. Mtu huyo hakuwa na faida yoyote ya kisiasa kusema hivyo. Shirika la habari la CBS lilipowauliza wapiga kura siku mbili baada ya hotuba, asilimia 69 ya waliosikia au kusoma habari zake walisema Obama alilishughulikia vyema suala la rangi. Na kufikia Machi 27 hotuba ilikuwa imefunguliwa kwenye YouTube zaidi ya mara milioni 3. Nalitaja hili kwa sababu tumeambiwa kwa miaka mingi kwamba watu hawana subira ya kusikiliza zaidi ya sekunde kumi. Inaelekea wanayo, wakipewa cha kusikiliza.

Wakosoaji nao wasikilizwe, maana wengine wana hoja. Iliyo nzito ni ya ukweli. Ijumaa alisema hakuwepo kanisani maneno yale yalipotamkwa. Jumanne akakiri kwamba, ndiyo, aliwahi kumsikia Wright akisema mambo yenye utata akiwa amekaa kanisani humo. Mawakili wanaweza kutuonyesha kwamba kauli hizo mbili hazigongani, kwa kuwa ya kwanza ilihusu mahubiri fulani na ya pili inahusu mengine. Mimi sitaki uwakili huo. Ijumaa aliwaacha watu waamini kwamba hakujua, na hapo alikosea. Charles Krauthammer, aliyekuwa mwandishi wa safu katika gazeti la Washington Post, aliuliza kwa nini mtu akae miaka 20 mbele ya mhubiri wa namna hiyo na kuwapeleka watoto wake wamsikilize. Swali ni halali. Jibu la Obama ni kwamba kanisa si mahubiri peke yake. Ni mahali wanapohudumiwa wenye Ukimwi na wafungwa, ni kwaya, ni watoto wanaolelewa, na mchungaji kwake ni kama mtu wa ukoo. Jibu hilo linaniridhisha, ingawa naelewa kwa nini halimridhishi mtu asiyewahi kuwa na kanisa kama hilo. Clinton alijibu kwa njia fupi Machi 25: yeye asingekuwa na mchungaji huyo. Mtu huchagua kanisa, alisema, japo hachagui jamaa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopiga kelele zaidi, nayo ni ile ya bibi. Obama alisema hawezi kumkana Wright kama asivyoweza kumkana bibi yake mweupe, mwanamke aliyemlea na kujinyima kwa ajili yake, ambaye aliwahi kukiri kwamba huwaogopa wanaume weusi wanaopishana naye njiani, na ambaye mara kadhaa alitamka maneno ya kibaguzi yaliyomfanya mjukuu wake asisimke. Redioni wanasema amemtosa bibi yake ili amwokoe mchungaji, na kwamba amelinganisha woga wa faragha wa kikongwe na laana iliyotolewa hadharani. Ni kweli siku mbili baadaye, katika redio ya Philadelphia, alikoroga mambo kwa kusema bibi yake ni kama mtu mweupe wa kawaida. Usemi ule ulikuwa mbovu. Lakini hoja yenyewe haisimami hata kidogo. Hakuwapima bibi na mchungaji kwenye mizani moja ya makosa. Aliwaweka katika kundi moja la watu anaowapenda, ambao kila mmoja amewahi kumuumiza kwa maneno juu ya rangi, na akasema upendo haumruhusu kujifanya hakusikia wala haumruhusu kuwafukuza. Kila mtu ana shangazi au mjomba ambaye akianza kuzungumza juu ya kabila fulani mezani, unaangalia chini. Hakuna anayekudai umkane shangazi yako. Tunachoweza kudaiwa ni kutomwitikia. Nami kwa kinyozi nilikaa kimya tu, jambo ambalo ni pungufu ya hilo.

Ukosoaji unaonisumbua kweli unatoka upande mwingine kabisa, kwa weusi wenyewe. Wanasema Obama amezipanga hasira mbili sambamba kana kwamba ni mapacha, ilhali moja imezaliwa na utumwa, viboko na sheria za kuwanyima watu utu, na nyingine imezaliwa na nafasi ya kazi iliyokosekana. Wanasema pia kwamba amemgeuza Wright kuwa mtu wa kizazi kilichopita, mzee ambaye uchungu wake umepitwa na wakati, wakati magereza yaliyojaa vijana weusi ni ya leo. Sehemu ya pili ya hoja hiyo naikubali. Alipodai kwamba kosa kubwa la Wright ni kuiona nchi kana kwamba haijabadilika, alipita haraka juu ya yale ambayo hayajabadilika. Sehemu ya kwanza siikubali, kwa sababu maandishi yenyewe yanaikataa. Kwa weusi alitaja sheria, mikopo, ajira na shule, mambo yaliyofanywa na dola yenyewe. Kwa weupe alitaja hofu na hesabu za maisha. Hakusema dhuluma ni sawa. Alisema tu kwamba mtu anayeumia, hata kwa kidogo, hakusikilizi ukianza kwa kumwambia kwamba hajaumia. Na kwa nchi ambayo weusi ni takriban mmoja katika kila watu wanane, sioni shule nzuri na hospitali zitapatikanaje bila huyo mfanyakazi mweupe wa Pennsylvania kuwa ndani ya muungano.

Huku nyumbani tumeisoma hotuba kwa namna yetu, na hapa pia nadhani tumekosea. Usemi uliozagaa ni kwamba wazungu wanamtafutia kijana wetu sababu, na angesema nini wangemwangusha tu. Kuna utani uliotamba tangu mwaka 2008 uanze kwamba Marekani itapata rais Mjaluo kabla ya Kenya. Watu wanaucheka, lakini ni utani wenye damu ndani yake, na anayeusema anajua. Ukimsoma Obama kama mtoto wa kabila fulani anayeonewa, umeshaitupa hotuba yake, kwa sababu hotuba yote inakataa kusoma watu hivyo. Tusisahau kwamba Agosti 2006, alipohutubia Chuo Kikuu cha Nairobi, alikemea ufisadi na siasa za ukabila, nasi tukagawanyika palepale: upande mmoja ukashangilia kwamba amewasema wale, upande mwingine ukakasirika kwamba ametumwa. Ni wachache waliojiuliza kama aliwasema wao.

Na tarehe zimegongana kwa namna inayonikosesha raha. Siku ileile ya Machi 18, Bunge letu lilipitisha kwa kauli moja sheria ya Mwafaka wa Kitaifa, ule uliotiwa saini Februari 28 baada ya Kofi Annan kuwaketisha Rais Kibaki na Raila Odinga. Zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameuawa, na mamia ya maelfu kufukuzwa makwao. Kule Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa humo siku ya mwaka mpya. Ile lugha ya kuondoa "madoadoa", yaani majirani wa makabila mengine, iliyosikika Bonde la Ufa haikuanzia jukwaani. Ilianzia mahali kama kile kibanda cha kinyozi, ikapata mwanasiasa wa kuipandisha. Nilizifuata habari za mjadala Bungeni siku ile: pongezi, amani, tusonge mbele, tusahau yaliyopita. Nilifurahi kwa moyo wangu wote kwamba mauaji yamekoma. Lakini sikumwona mbunge aliyesimama akawaeleza watu wa jamii yake kwa nini wale wengine wana hasira juu ya ardhi, au juu ya kura, akaeleza kwa haki, kwa namna ambayo wale wengine wangesema: ndivyo, hivyo ndivyo tunavyoona. Mbunge wa namna hiyo angeitwa msaliti kabla ya kufika nyumbani. Tume ya ukweli, haki na maridhiano imekubaliwa katika mazungumzo yaleyale, na tukiunda tume bila kupata hata kiongozi mmoja wa kusema hivyo, tutakuwa tumejenga ukumbi wa watu kulia, kisha kurudi kila mmoja kwa kinyozi wake.

Mwishoni mwa hotuba Obama alisimulia habari ya binti mweupe wa miaka 23 aliyekuwa akiifanyia kazi kampeni yake huko Florence, South Carolina. Alipokuwa na miaka tisa mama yake aliugua saratani, akapoteza kazi na bima, na mtoto akamdanganya mama kwamba anapenda mkate wa haradali ili chakula kiwe cha bei rahisi. Katika kikao kimoja kila mtu alieleza kwa nini amekuja, na mzee mmoja mweusi akasema amekuja kwa sababu ya binti yule. Wapo wanaoiona hadithi hiyo kuwa ya kubembeleza machozi, ila Obama hakuisimulia kama ushindi. Alisema palepale kwamba kutambuana kwa namna hiyo hakutoshi, hakumpi mgonjwa matibabu wala mtoto elimu, isipokuwa ndipo pa kuanzia.

Ninapoandika haya, mwishoni mwa Machi 2008, Pennsylvania bado haijapiga kura yake ya Aprili 22, na wanaopima kila kitu kwa kura watapata jibu lao siku hiyo, hasa kutoka miji ile ya viwanda vilivyofungwa ambayo Obama aliitaja bila kuitaja. Mimi ninangoja jambo jingine. Wright mwenyewe bado hajajibu hadharani tangu vipande vyake virushwe. Hatanyamaza milele. Obama amejifunga nira moja na mtu ambaye hawezi kumshika ulimi, na mzee huyo akisimama mbele ya vipaza sauti akayarudia maneno yale, wale waliotaka akane watarudi na swali lao lilelile, na safari hiyo huenda akalazimika kulijibu kama wanavyotaka. Hapo nitakuwa nikitazama kama, hata akimwacha mchungaji, ataendelea kusema aliyoyasema juu ya kinyozi na meza ya jikoni, au nayo atayatosa.